Mwezi nimeambiwa, sikuuona. Je, nilijua au niliamini tu?

#1 LangoniJuu
Assalam aleikum wanabaraza.

Magharibi ya siku ya 29 ya Ramadhani nilikuwa juu ya dari hapa Lamu na wanangu, twaangalia machweo. Mawingu matupu. Tukashuka kufuturu. Saa mbili kasoro ujumbe ukaingia kutoka kwa shemeji yangu wa Malindi: mwezi umeonekana Kiwayu kesho mfungo mosi. Yeye kaupata kwa jirani, jirani kaupata kwenye kundi. Mke wangu akaanza kutoa nyama, watoto wakaanza fujo. Baada ya kama dakika arubaini msikitini nao wakapiga takbiri.

Kesho yake twatoka kuswali Idi, kijana wangu wa miaka 13 akaniuliza: "Baba, jana ulipomwambia mama atoe nyama, ulikuwa wajua kuwa leo ni Idi, au waamini tu?" Nikamwambia nilijua. Akasema, "Umejuaje na hukuuona?" Nikampa hamsini akanunue aiskrimu.

Hukumu za fiqhi waachieni wenyewe. Mimi nauliza hivi: kitu ulichoambiwa tu, hukukiona, hukukipima, na aliyekiona humjui, waweza kusema wakijua? Natoa dai, mnipinge: kujua ni kuona. Mengine yote ni kukopa.

#2 Bildi
Basi babako humyui.

#3 LangoniJuu
Hahaha ami Bildi, heshima bwana. Watoto wanasoma.

#4 Bildi
Si matusi, mwanangu. Ulikuwapo? Umeambiwa na mamako. Na hiyo hamsini uliyompa kijana, wayuaje si bandia?

#5 JanuariMosi
Hapo kwa kuzaliwa mimi ni mfano hai. Kitambulisho changu kinasema 1 Januari 1996. Nyanya yangu, aliyekuwapo chumbani, anasema nilizaliwa katikati ya mvua za El Nino, maji yameingia hadi chini ya kitanda. Mvua zile zilishika Oktoba 1997 zikaendelea hadi mwaka uliofuata. Kwa hiyo serikali yanijua nina umri mkubwa kuliko anaonijua nao nyanya.

Nikienda benki najaza 1996 bila kupepesa jicho. Nikiwa nyumbani ni mtoto wa El Nino. Sasa LangoniJuu niambie, mimi najua nini?

#6 MkeWaMtuMkomani
@JanuariMosi nusu ya watu wa Lamu Mashariki wamezaliwa Januari mosi. Siku hiyo wakunga walikuwa na kazi!

#7 MaalimMaweni
Nawasalimu kutoka Malindi. Nafundisha, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Dai la LangoniJuu si geni. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alikuwa karibu na hapo hapo: maoni ya watu yakielea kichwani mwako hayakuongezei elimu hata chembe, hata yakiwa kweli. Lakini huyo huyo Locke alisimulia kisa kinachomgeukia. Balozi wa Uholanzi alikuwa akimsimulia mfalme wa Siam habari za kwao, akasema wakati wa baridi maji huwa magumu hata tembo akitembea juu yake hazami. Mfalme akamjibu: mambo yote ya ajabu uliyonieleza nimeyakubali kwa kuwa nakuona mtu wa maana, lakini kwa hili sasa nina hakika wasema uongo.

Mfalme alikuwa mtu wa akili. Alipima habari kwa yale aliyokwisha kuyaona, na kwa kupima kwake sawasawa akaikosa kweli. Mimi mwenyewe barafu naijua ya friji na ya ndoo ya samaki. Kuwa bahari nzima huganda, nimeambiwa. Je, niseme sijui?

Waingereza wawili wa karne ya 18 wakaligombania jambo hili. Hume alisema twaamini maneno ya watu kwa kuwa tumejaribu tukaona mara nyingi ni kweli, kama tunavyojua kuwa mawingu meusi huleta mvua. Reid akasema hapana, mtoto huamini kabla ya kujaribu lolote, ndivyo alivyoumbwa. Lau mtoto angengoja ushahidi kwanza, hata hilo neno "ushahidi" asingejifunza, maana maneno yenyewe twayapokea kwa kuambiwa: hii meza, huyu paka.

Mimi niko na Reid.

#8 Kaskazi_Toronto
Maalim, rekebisho dogo: Hume na Reid wote wawili ni Waskoti. Ukiwaita Waingereza mbele ya Mskoti hutapewa chai. Mimi nina jirani Mskoti, nimeambiwa mara nyingi 😅

Na bahari kuganda hapa kwetu ni ziwa, lakini nimetembea juu yake. Tembo sikuwa naye.

#9 MaalimMaweni
Nimekubali, Waskoti. Ona sasa: nimesahihishwa na mtu nisiyemjua sura, nami nimeamini hapo hapo. Na la kutembea juu ya ziwa pia.

#10 Kaskazi_Toronto
Na kama nimekudanganya?

#11 MaalimMaweni
Basi dhambi ni yako, si yangu 😂

#12 Mwanachuo_Riyadha
Maalim asema kwa mzaha lakini hapo ndipo. Wanavyuoni wetu walilipima jambo hili karne nyingi kabla ya Waskoti. Hawakuuliza tu "habari hii yaingia akilini?" Waliuliza kaipokea nani kwa nani, mmoja mmoja hadi juu. Na kwa kila mpokezi maswali yalikuwa mawili, si moja. La kwanza ni uadilifu: ni mtu mkweli, mcha Mungu, hajulikani kwa uongo? La pili ni dhabti: ana hifadhi nzuri, hachanganyi? Walikuwapo watu wema kabisa, wa kuombwa dua, na hadithi za Mtume walizozipokea zikaachwa kwa sababu walikuwa wasahaulifu. Unamwamini kwa amana yako ya pesa, humchukulii habari.

Sasa tupime isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, ya LangoniJuu: yeye kwa shemeji, shemeji kwa jirani, jirani kwa "kundi". Kundi ni nani? Huyo kwetu aitwa majhuli, asiyejulikana. Mlolongo umekatika kwenye pete ya tatu. Kama ungekuwa hadithi, ungewekwa kando.

Qur'ani nayo, Sura ya Hujurat aya ya 6, yasema akikujieni fasiki na habari, ichunguzeni. Haikusema mkatae.

#13 JanuariMosi
Lakini sheikh, isnadi ilikatika na mwezi ulikuwa kweli umeandama. Msikitini walipiga takbiri.

#14 Mwanachuo_Riyadha
Habari kuwa kweli na wewe kuwa na haki ya kuitegemea ni mambo mawili. Mtu akifyatua jiwe gizani likampata kunguru, hatumwiti mwindaji.

#15 BiSauti
Niingie mimi, maana kila nikisikia "kaona nani" moyo hunichemka.

Nilikuwa na miaka 16. Nilikuwa naanua nguo darini kwetu, jua ndiyo kwanza limezama, nikauona mwezi. Mwembamba kama ukucha, umelala kidogo upande wa kushoto. Si wingu, si ndege. Nikashuka mbio kumwambia kaka yangu. Kaka akapanda, akatazama, akasema hauko. Kwa kuwa ulikuwa umekwisha kushuka! Usiku wakatangaza kuwa haukuonekana popote karibu nasi, tukaifunga siku ya 30.

Nilijua. Nikafunga siku niliyojua kuwa ni Idi, kwa sababu neno langu halikufika hata kizingiti cha mlango. Mnapima mpokezi mkweli na mwenye hifadhi. Mimi nilikuwa nayo yote mawili.

#16 Mwanachuo_Riyadha
Dada yangu, nakusikia. Katika madhehebu yetu ya Shafi kuingia Ramadhani chatosha shahidi mmoja mwadilifu, kutoka wahitajika wawili. Na kauli yenye nguvu kwetu yauhesabu mwezi kuwa ni ushahidi, si riwaya (yaani kupokea na kupokeza habari), ndiyo maana wakashurutisha mwanamume. Wako wanavyuoni wa madhehebu nyingine waliokubali neno la mwanamke kwa kuingia Ramadhani. Katika riwaya hakuna ubaguzi huo: Karima al-Marwaziyya alikaa Makka karne ya 11 na wanaume wakafunga safari kwenda kusikia Sahihi Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, kwake.

Na aliyeuona mwezi kwa macho yake, hata asipokubaliwa, yeye mwenyewe hufuata alichokiona. Ilikupasa ule, kwa siri.

#17 BiSauti
Kwa siri! Miaka yote hii ndiyo kwanza naambiwa. Ahsante.

Lakini umeona ulilolifanya? Umenieleza sheria kwa nini sikusikilizwa. Kaka yangu hakuwa akifikiria sheria wala riwaya. Alinitazama akaona msichana na kapu la nguo. Hakunipima nikapungua, hakunipima kabisa. Hilo laniuma kuliko ile saumu.

#18 MkeWaMtuMkomani
👏👏 Na kaka huyo huyo ukimwambia chumvi imezidi mchuzini aamini bila kuonja.

#19 PaaLaMbalamwezi
BiSauti usinichukie, mimi ni mtu wa hesabu. Mwezi ukiwa na umri wa chini ya saa 15 hivi tangu kukutana na jua, kuuona kwa jicho tupu ni nadra mno hata kwa mabingwa wenye anga safi ya mlimani. Na Mfaransa Danjon alionyesha kuwa ukiwa karibu na jua kwa chini ya nyuzi 7 hivi, ukucha wenyewe hauonekani. Mara nyingi wanaokuja na habari ya kuuona, hesabu inasema ulikwisha kutua kabla ya jua. Si waongo. Wameona moshi wa ndege, au nyota ya Zuhura, au wameona walichokitamani baada ya siku 29 za njaa.

Hata huku kwenu, sheikh, Taqi al-Din al-Subki, Mshafi, kadhi wa Damascus karne ya 14, alisema hesabu ikionyesha haiwezekani, ushahidi wa macho urudishwe.

#20 Mwanachuo_Riyadha
Kweli alisema, na wako waliompinga vikali. Usimtaje Subki peke yake kana kwamba baraza zima lilinyamaza.

#21 BiSauti
@PaaLaMbalamwezi wewe hizo nyuzi 7 umezipima?

#22 PaaLaMbalamwezi
...

Hapana. Nimesoma.

#23 BiSauti
Haya.

#24 Bildi
😂😂 Nimeteka hata kofia imeanguka.

Sasa nanyi niwape kisa cha bahari. Nilikuwa kijana, mara ya kwanza kupewa usukani peke yangu, twatoka Lamu kwenda Faza na shehena ya mtele. Mlango wa maji wa Mkanda hupitwi ila maji yakiwa yamejaa, hilo kila mtoto alijua, na ndia nilikuwa naiyua kwa mato. Katikati nikakutana na mzee ndani ya mtumbwi, simyui, hanijui, hata jina hatukuulizana. Akapiga ukelele: "Fungu limehama! Shika upande wa mikoko!" Upande wa mikoko ndio niliofunzwa niukimbie.

Nikashika upande wa mikoko. Kwa nini? Hume hakuwapo. Sikuwa na ushahidi wowote kuwa mzee yule ni mkweli. Lakini alikuwa ndani ya maji yale yale, na alipaza sauti bila kuulizwa. Mtu hapotezi pumzi yake kumwangamiza asiyemjua.

Lakini, na hili muliandike: nilimweka mwanamaji omo, mbele ya chombo, na bildi, atia risasi majini kila mara, asoma pima. Nilimwamini na bildi nikatia. Mzee aliona, wala hakuchukia. Bahari haina kuoneana haya.

#25 NesiWaMalindi
Ami Bildi, natamani zahanati ingekuwa bahari.

Mimi ni muuguzi. Mgonjwa wa presha anakuja, namuuliza, "Dawa umekunywa?" Anasema, "Nimekunywa zote mwanangu." Presha iko juu. Zamani nilikuwa namwambia atoe pakiti nihesabu vidonge mbele yake. Namwona usoni anavyonyong'onyea, mtu mzima, umri wa babangu. Mara ijayo anakuja na pakiti tupu, vidonge kavitupa chooni, na sasa sina ukweli wala sina mgonjwa. Siku hizi sihesabu. Nauliza, "Dawa hii yakusumbua nini?" Basi hapo hueleza: yamfanya aende haja ndogo usiku mara nne, au aliambiwa na jirani kuwa yamaliza nguvu za kiume. Nikimwamini huniambia kweli. Nikimpima hunidanganya.

Kwa hiyo imani wakati mwingine huja mbele ya ukweli na kuuita.

#26 Kaskazi_Toronto
Hii #25 imenigusa. Lakini yapingana na #24 kabisa. Bildi asema amini na upime, Nesi asema ukipima umeharibu.

#27 Bildi
Hayapingani. Mimi bildi natia kila siku, hata nikipita mlangoni pa nyumba yangu. Ndiyo desturi ya chombo, haimhusu mtu. Nesi alikuwa akimtilia bildi mzee wa watu.

#28 MtepeMpya
Nyote mwazunguka. Mfano mkubwa kabisa wa kumwamini mtu baharini uko Malindi kwenyewe! Vasco da Gama, 1498, alimchukua Ahmad ibn Majid, baharia mkubwa wa Waarabu, akampeleka Calicut. Mtu na adui yake. Bila imani ile Mreno hangefika India.

#29 MaalimMaweni
MtepeMpya ndugu yangu wa Malindi, hapo umetuletea habari ya "kundi". Diary iliyoandikwa na baharia aliyekuwa katika safari ile yataja tu rubani aliyetolewa na mfalme wa Malindi, tena yamwita Mkristo. Wanahistoria wa Kireno baadaye wanasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat, na wamwita Malemo Cana. Malemo ni muallim, yaani maalim wa chombo, hata lile la pili ladhaniwa ni neno la Kihindi la mtu wa hesabu za nyota. Kwa hiyo hata jina hatuna, tuna cheo. Aliyeandika kuwa ni Ibn Majid ni Nahrawali wa Makka, miongo mingi baadaye, hakuwapo. Wataalamu wengi siku hizi hawaikubali.

#30 MtepeMpya
Mimi nilifundishwa shuleni hivyo. Pengine na wewe 😐

#31 MaalimMaweni
Pengine na mimi. Niliwahi kuifundisha hivyo, miaka kama sita.

#32 JanuariMosi
Kwa hiyo kuna watoto Malindi wanajua kitu kisichojulikana, kwa kukuamini wewe. Wapigie simu maalim.

#33 Mwanachuo_Riyadha
Na hiyo ya "mtu na adui yake kuaminiana" si kweli vile. Diary hiyo hiyo yasema Mombasa waliwachukua Waislamu wawili wakawadondoshea mafuta ya moto mwilini ili waseme kama kuna njama. Wakasema iko. Naam, nani asingesema? Na Malindi, Vasco alimzuia mtu wa karibu na mfalme ndani ya jahazi hadi rubani alipoletwa. Ndipo wakaondoka tarehe 24 Aprili, wakatia nanga karibu na Calicut 20 Mei. Hapo kuna rehani, hakuna imani.

#34 Kaskazi_Toronto
Bado aliamini! Ukiwa katikati ya Bahari ya Hindi siku 20 na kitu, rehani umekwisha kuiacha Malindi, rubani akisema "shika mashariki kaskazini" utamfanya nini? Mafuta ya moto hayakuonyeshi ndia. Kwanza yale ya Mombasa yalimpa maneno, hayakumpa ujuzi.

#35 MkeWaMtuMkomani
Kaskazi kasema "ndia". Toronto yote hiyo na ulimi bado wa Lamu, mashallah.

#36 Kaskazi_Toronto
Ulimi hauhitaji viza 😄

#37 Sarufi_na_Samli
Nimesoma tangu juu. Naona mmesahau kuuliza lugha yenyewe.

Kiswahili chatofautisha "naamini kuwa mwezi umeandama" na "nakuamini". Hiyo -ku- si pambo. Ya kwanza ni kati yangu na habari. Ya pili ni kati yangu na wewe, na habari imepita katikati yetu kama kitu kilichowekwa amana. Ndiyo maana amini, amana, imani na mwaminifu zote ni shina moja la Kiarabu, na amani nayo imo. Saa ya ukutani ikikosea nasema imeharibika, sisemi imenisaliti. Mtu akiniambia "nakwambia mimi", hapo amejitia dhamana. Ikiwa si kweli kanikosea mimi, hakuikosea habari. Kwa hivyo mimi sikubaliani na PaaLaMbalamwezi wala na Hume: msemaji si kipima joto ambacho nakihesabu kimepata mara ngapi.

La pili. Tuna neno dogo ambalo kazi yake ni kukataa dhamana hiyo: eti. "Mwezi umeonekana" ni mtu anabeba. "Eti mwezi umeonekana" ni mtu anapitisha tu, mikono yake mitupu. Neno hili likiwa mdomoni huwa zito, lakini likitiwa safarini huanguka. Mtu wa kwanza asema eti, wa pili asema nasikia, wa tatu asema umeonekana, wa nne anatoa nyama kwenye friji.

#38 LangoniJuu
Hiyo nyama naona itanifuata hadi kaburini.

Lakini Sarufi umenifungua. Shemeji hakuandika eti. Sasa nataka kujua nani aliliangusha. Naanza kufuatilia leo, nirudi na isnadi kamili inshallah.

#39 PaaLaMbalamwezi
@Sarufi_na_Samli maneno mazuri lakini dhamana haigeuzi uongo ukawa kweli. Tapeli wa mashamba ya Lamu akikuuzia ploti moja na wenzako watatu naye husema "nakwambia mimi". Tena huapa. Aliyekuwa akihesabu amepata mara ngapi ndiye aliyebaki na pesa yake.

#40 Sarufi_na_Samli
Na ndiyo maana unamwita tapeli, humwiti kipimo kibovu. Umenijibia.

#41 NesiWaMalindi
😂 Mwacheni kaka wa hesabu.

#42 Dau_la_Hindi
Ningetaka kurudi kwa BiSauti, maana mmempita haraka. Si wanawake tu. Wavuvi waliokwenda mahakamani 2012 juu ya bandari ya Lamu walikuwa na maarifa ya vizazi: mazalia ya samaki yako wapi, mkondo wapita wapi, kasa wapanda pwani gani. Yote ni ya kuambiwa, baba kwa mwana, hakuna karatasi. Upande wa pili una ripoti yenye jalada. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Miaka sita ili neno la mvuvi lipate mahali pa kukaa.

Ripoti nayo, mkiitazama vizuri, ni kuambiwa. Mtu alienda kuuliza wavuvi, akaandika, akatia jalada. Maneno ni yale yale, yamevaa koti.

#43 PaaLaMbalamwezi
Koti hilo lina jina la aliyeandika, tarehe, na njia aliyotumia. Waweza kumrudia. Mzee wa mtumbwi wa Bildi utamrudia wapi?

#44 Bildi
Nilimrudia. Mwaka uliofuata nilipita na halua ya kumpa. Nikaambiwa kafa.

#45 MkeWaMtuMkomani
Allah amrehemu.

#46 JanuariMosi
Amin. Na halua ililiwa na nani?

#47 Bildi
Nanyi mwauliza.

#48 LangoniJuu
Nimerudi. Kaeni vizuri.

Nilimpigia shemeji. Shemeji akanipa nambari ya jirani. Jirani, mama mmoja mstaarabu, akafungua simu yake akanitumia picha ya ule ujumbe kama alivyoupata kwenye kundi la akina mama wa mtaa wao. Aliyeuandika ni bibi mmoja, nikamtafuta kwa kupitia jirani. Nikamuuliza, mamangu, habari ya Kiwayu ulipewa na nani?

Akasema: "Habari gani? Mimi nilikuwa nauliza."

Tazameni tena ule ujumbe: mwezi umeonekana Kiwayu kesho mfungo mosi. Bila alama ya kuuliza! Binti yake alikuwa amempigia akiwa safarini, simu ikakatika, akasikia "Kiwayu" tu na "mwezi". Akaandika kuuliza wenzake. Wenzake wakasoma kwa sauti ya kujibu.

Hapakuwa na eti iliyoanguka. Hapakuwa na habari yoyote!

#49 Sarufi_na_Samli
Ya salaam. Katika lugha yetu swali na jibu huweza kutofautiana kwa sauti tu, na ujumbe wa simu hauna sauti. Nimepewa somo.

#50 Kaskazi_Toronto
Ngojeni. Msikitini walipiga takbiri dakika arubaini baadaye, na Idi ilikuwa kweli. Kwa hiyo LangoniJuu aliamini jambo la kweli, kutoka kwa mtu mkweli aliyemwamini kwa haki, na njia nzima haina muongo hata mmoja. Lakini chanzo ni swali. Alijua au hakujua?

#51 MaalimMaweni
Hakujua. Hadi takbiri.

#52 NesiWaMalindi
Mimi nasema alijua kuwa shemeji yake ni mtu wa kuaminika, basi. Hilo ndilo alilolijua usiku ule.

#53 PaaLaMbalamwezi
Jiwe gizani, kunguru (#14).

#54 BiSauti
Mimi najiuliza yule bibi. Mara moja maishani kundi zima limeamini neno lake bila kumuuliza yeye ni nani, na alikuwa anauliza.

#55 LangoniJuu
Kijana wangu nimemsimulia. Kanitazama, kanyosha mkono. Nimempa hamsini nyingine.

Na takbiri nayo nimeifuatilia, msije mkasema sikumaliza kazi. Imamu wetu asema alipigiwa simu na mwenzake, akaambiwa mashahidi ni wawili, watu wazima, waadilifu.

#56 Bildi
Hao wawili, huyo mwenzake kawaona kwa mato, au kaambiwa?

#57 LangoniJuu
Nitamuuliza Ijumaa.